SOMO LA MBEGU: KIDUHA CHA MTAMA NA ALAMA ZA URITHI

Wakulima wa Dodoma na Singida wanakifahamu kiduha. Kabla hakijachomoza juu ya ardhi, mizizi yake imekwisha kujishika na mizizi ya mtama, ikinyonya maji na chakula. Kimea kimoja huweza kutoa mbegu maelfu kwa maelfu, nazo hukaa hai udongoni kwa zaidi ya miaka kumi.

Mbegu hizo haziamki ovyo. Hungojea kemikali itokayo kwenye mizizi ya mtama. Ziko aina chache za mtama zitoazo kemikali ya namna nyingine, isiyoiamsha sana mbegu ya kiduha. Tabia hiyo hurithiwa. Mwaka 2017 wataalamu, akiwemo Profesa Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia, walitangaza kuitambua jeni inayohusika, iitwayo LGS1.

Alama ya jeni ni nini? Ni sehemu ya uzi wa urithi iliyo ndani ya jeni au jirani yake. Ni mfano wa jiwe la mpaka: aliyeliona ajua shamba linaanzia wapi. Mtaalamu huchukua kipande cha jani la mche, akakipima maabara, naye hutambua kama mche umerithi kinga.

Faida yake ni kubwa, kwa kuwa kinga hii hujificha. Haionekani mpaka mmea uirithi kwa wazazi wote wawili. Ulioirithi kwa mzazi mmoja huonekana shambani kama mtama wa kawaida, lakini kipimo huutambua. Tena kiduha hakienei sawasawa; mmea waweza kudhaniwa sugu kumbe haukufikiwa nacho.

Hata hivyo, kinga moja si ngao ya milele. Kutu ya shina la ngano iliyoonekana Uganda mwaka 1998 iliishinda jeni Sr31, iliyokuwa imetegemewa katika nchi nyingi. Kwa hiyo mbegu sugu haiondoi wajibu wa kung'oa kiduha kabla hakijazaa, kutia samadi na kubadilisha mtama na karanga.

Katibu wa chama azingatie haya. Mbegu za Hakika na Wahi, zilizoidhinishwa nchini mwaka 2002, zilikusudiwa mashamba yenye kiduha. Nafaka ya sokoni si mbegu: asili yake haijulikani, na yaweza kuja na mbegu za kiduha. Ikigawiwa kwa mkopo, mavuno yatapotea, deni litabaki, na imani ya wanachama itapungua. Mbegu inunuliwe ikiwa na lebo ya Taasisi ya Udhibiti wa Ubora wa Mbegu (TOSCI), na lebo na stakabadhi zihifadhiwe katika jalada.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini mtama ulioonekana sugu shambani waweza kuwa hauna kinga?
2. Kwa nini palizi iendelee hata penye mbegu sugu?
3. Mbegu ya msimu uliopita ilinunuliwa wapi, na lebo yake iko wapi?