Mshipa mkuu umefura: ni lazima kifua kipasuliwe?

*Daktari, baba yangu ana miaka 68 na ana presha. Sauti ilimkauka kwa wiki kadhaa, na picha ya CT hapa Meru ikaonyesha mshipa mkuu wa damu umefura hadi sentimita 5.8. Tumesikia anaweza kuwekewa mrija bila kupasuliwa kifua. Ni kweli?*
*Binti, Nkubu*

Binti yangu, ni kweli, ila si kwa kila mgonjwa. Mmegundua kabla haujapasuka, na hiyo ni nafasi nzuri. Mshipa huo mkuu, yaani aota, hupinda juu ya moyo, na kwenye upinde huo hutoka mishipa mitatu inayolisha kichwa na mikono. Presha, sigara na umri hulegeza ukuta wake. Ukifura hapo, huweza kubana neva ya sauti, na sauti ikakauka.

Mrija wa kitambaa wenye wavu wa chuma hupitishwa kutoka kinenani hadi palipofura, damu ikapita ndani yake. Mrija huo haupaswi kuziba njia ya damu ya ubongo, hivyo mara nyingi mishipa ya shingo huunganishwa upya kwanza. Hatari ya kiharusi ipo, na picha hurudiwa miaka yote. Kwa wengine, kupasua kifua ndiko bora.

Mshipa ukizidi sentimita 5.5, msikawie. Ombeni rufaa kwa wapasuaji wa moyo na mishipa Nairobi, mbebe picha zenyewe, na muulize bima ya afya ya serikali, SHA, italipia nini. Kwa sasa anywe dawa za presha bila kuruka, aache sigara kama anavuta, na asibebe magunia.

Akipata maumivu makali ya ghafla kifuani au mgongoni, akizimia au mdomo ukipinda, mkimbizeni hospitali ya rufaa iliyo karibu, Meru au Embu, hata usiku wa manane.