Watafutao Kiti katika Kamati ya Mtaa

Masomo: Marko 10:35-45, 1 Wafalme 21:1-16, Matendo ya Mitume 6:1-7.

Mwezi huu twaleta somo juu ya neno ambalo wazee wa kanisa na walimu wa Injili wametuuliza mara nyingi: Je, yafaa Mkristo asimame mbele ya watu wa mtaa wake na kusema, Nipeni kiti katika kamati? Wengine wasema yafaa, maana taa haiwashwi ili ifunikwe. Wengine wasema ni kiburi. Mtu na aitwe, asijiite mwenyewe. Tumewasikiliza wote, nasi twaona kwamba kila mmoja ameshika nusu ya neno.

Kwanza tujue kiti chenyewe ni kiti gani. Hatusemi hapa juu ya uchaguzi wa wenyeviti wa mitaa, vijiji na vitongoji, kama ule wa tarehe 27 Novemba 2024, ambao wagombea wake hupelekwa na vyama vya siasa. Twasema juu ya kamati ile ndogo ambayo wakazi huichagua mkutanoni ili isimamie mpango wa mtaa wao: barabara ipite wapi, mtaro wa maji uelekee wapi, kiwanja cha shule kiachwe wapi, na mipaka ya kila nyumba ijulikane. Katika miji yetu watu wengi walijenga kabla ya ramani kuchorwa. Mtu alinunua kipande cha shamba, akaandikiwa karatasi mbele ya mjumbe, akajenga. Mwenziwe akajenga nyuma yake, na mwingine nyuma ya huyo. Hata siku ya msiba jeneza halipiti ila kwa kuinuliwa juu ya uzio. Ndipo ikaja kazi iitwayo urasimishaji, ambayo Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 iliiwekea msingi. Mitaa ya Kimara na Makongo katika Dar es Salaam imeijua kazi hiyo. Mpima ardhi huja na vyombo vyake, na afisa mipango miji huja na mchoro wake, lakini hao hawajui nani ni mwenye kiwanja wala mpaka wake ni mti gani. Ajuaye ni jirani. Kwa hiyo kamati hutangulia mbele yao, nyumba kwa nyumba, nayo husema: hapa ndipo. Bikoni ikiisha kuchimbiwa na ramani ikiisha kukubaliwa, neno la kamati limekuwa jiwe.

Vijijini mambo ni ya namna hiyo, ingawa majina ni mengine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huo wa 1999, yataka halmashauri ya kijiji isimgawie mtu ardhi pasipo kibali cha mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano mkuu ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. Kamati ihakikiyo mipaka huchaguliwa na mkutano huo huo.

Basi turudi kwa swali letu. Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo, waliomba viti viwili, kimoja kuume na kimoja kushoto. Wengi wetu twakumbuka kwamba wale kumi walikasirika, nasi twadhani ya kuwa Bwana alikasirika pamoja nao. Someni tena. Bwana hakuwafukuza wale wawili, wala hakusema kwamba viti havipo. Aliwaambia kwamba hawajui waombalo, akawauliza kama waweza kukinywea kikombe chake. Kisha akawaita wale kumi, akawaonya wao pia. Maana hasira yao ilitoka shina moja na ombi la wenzao.

Mtu atafutaye kiti cha kamati na aulizwe vivyo hivyo: Wakijua kikombe? Si kukaa mezani na kunywa soda pamoja na wageni kutoka manispaa. Ni Jumamosi nyingi juani, ukifuata kamba ya kupimia. Ni kusikia ukiitwa mla rushwa na mtu uliyemsimamia ubatizo wa mtoto wake. Ni mjomba wako kuja usiku na kukuomba usogeze alama hatua mbili tu, kwa kuwa wewe ni damu yake. Ajuaye hayo na bado akasema, Nitumeni, huyo hatumwiti mwenye kiburi.

Wako watu wema wanaokataa kabisa, wakisema kwamba siasa za mtaa zitawachafua. Hao na wasome mfano wa Yothamu katika Waamuzi sura ya 9. Mzeituni ulikataa kuacha mafuta yake, mtini ukakataa kuacha utamu wake, mzabibu nao vivyo hivyo, hata mti wa miiba ukapata kiti. Twajua kwamba Yothamu alisema hayo juu ya Abimeleki, wala hakuwa akiwafundisha watu kuomba vyeo. Lakini ni nani aliyekalia kiti wema walipokwisha kukataa? Tena Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika sehemu yake ya 16, lafundisha wazi kwamba Mkristo aweza kushika kazi za utawala na za uamuzi pasipo dhambi. Na Luther, katika Katekisimo Ndogo, alipoeleza maombi ya mkate wa kila siku, alihesabu serikali njema na majirani wema pamoja na chakula na mavazi. Tukiuomba mkate huo kila siku, tusiogope kuuhudumia.

Lakini sasa twafika penye uzito wa somo hili. Kiti hiki kina hatari yake, nayo si ile ambayo wengi huifikiri. Wengi huogopa kwamba mjumbe ataiba fedha za michango. Fedha zaweza kuibwa, ni kweli, na tutalisema neno juu yake. Lakini fedha zilizoibwa zaweza kuhesabiwa na kudaiwa. Hatari iliyo kubwa zaidi imo katika amri ya tisa, kwa hesabu ya Katekisimo yetu, ile ya kutamani nyumba ya jirani. Luther hakuieleza kwa habari za mwizi avunjaye mlango. Aliieleza kwa habari za mtu mwerevu, autwaaye urithi wa mwenzake hali mambo yote yaonekana kuwa ya haki.

Someni habari za Nabothi kwa makini, mkiwatazama wale ambao kwa kawaida hatuwatazami. Twamtazama Ahabu na Yezebeli, nasi twawasahau wazee wa Yezreeli. Mfalme alilitaka shamba la mizabibu, na mwanzo aliomba vema, akaahidi shamba lililo bora au fedha. Nabothi akakataa, maana lilikuwa urithi wa baba zake. Ndipo Yezebeli akaandika nyaraka kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, akazipeleka kwa wazee na wakuu waliokaa mji mmoja na Nabothi. Hao walikuwa nani? Walikuwa majirani zake. Waliujua mpaka wa shamba lile tangu utoto wao. Nao waliitisha mkutano, wakatangaza mfungo, wakamweka Nabothi mahali pa heshima mbele ya watu, wakaleta mashahidi wawili kama Torati inavyotaka. Barua ilikuwapo, muhuri ulikuwapo, mkutano ulikuwapo, mashahidi walikuwapo. Mtu akiikagua kazi ile kwa karatasi peke yake hangeona kasoro. Wala hatusomi kwamba mzee hata mmoja aliuliza neno.

Hivyo ndivyo yawezavyo kutukia katika mtaa wetu, ingawa bila mawe. Tuseme barabara yahitaji mita tatu. Upande mmoja pana nyumba ya mjane. Mumewe alinunua kwa maneno ya kinywa, na muuzaji amekwisha kufa. Upande wa pili pana ukuta wa matofali wa mtu mwenye sauti, au wa mjumbe mwenyewe. Kalamu yapita upande wa mjane. Yeye alikuwa hospitali siku ya mkutano, au alikuwapo nyuma asiposikia. Katika kitabu cha mkutano yaandikwa kwamba wote waliafiki. Hakuna aliyevunja mlango. Hakuna wa kumpeleka polisi. Lakini jiko la mjane limekuwa barabara, na ukuta wa mwenzake umesimama.

Kwa ajili ya hayo twasema kwamba mtu aombaye kiti asiulizwe kwanza habari za elimu yake wala za ufasaha wake. Na aulizwe: Kiwanja chako ki wapi? Twende utuonyeshe. Watu na watembee pamoja naye mpaka kwake, waone mpaka wake wote, majirani zake wakiwapo. Kama yuko katika ugomvi wa mpaka, aumalize kwanza, ndipo aje kuomba kiti. Kama barabara au mtaro watazamiwa kupita kwake, alitangaze neno hilo kabla ya kura, si baada yake. Na siku ya kushauriana juu ya njia hiyo, aondoke, akae nje mpaka wenzake wamalize. Na ikiwa njia yaweza kupita kwake kama iwezavyo kupita kwa mwingine, aanze yeye kutoa. Huo ndio utumwa ambao Bwana aliwaambia wana wa Zebedayo.

Huko Uchaggani mpaka wa kihamba hutiwa masale, na jani la sale hilo hilo ndilo mtu alishikalo mkononi aendapo kumwomba msamaha aliyemkosea. Twapenda wasomaji wetu wa pande hizo wawaeleze vijana jambo hilo, kabla bikoni za zege hazijawasahaulisha.

Tena tutazame Yerusalemu, katika Matendo sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku, manung'uniko yakatokea. Mitume hawakusema, Nyamazeni. Waliwaagiza watu wachague saba wenye sifa njema. Someni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Twaona, basi, ya kwamba kanisa liliwapa kazi watu walio karibu na wale waliosahauliwa. Katika mtaa wetu waliosahauliwa ni nani? Ni wale wa bondeni, ambao maji ya watu wote huwashukia. Ni wapangaji, ambao hawana kiwanja lakini hupita njia ile ile na huchota maji pale pale. Ni wanawake. Sheria za vijijini zimekwisha kuliona neno hili: katika baraza la ardhi la kijiji wajumbe ni saba, na watatu kati yao ni wanawake; na katika kamati ya uhakiki, yenye watu sita hadi tisa, wanawake hawapungui wanne. Wako wanaonung'unika juu ya hesabu hiyo. Sisi twawaelekeza kwa binti watano wa Selofehadi katika Hesabu sura ya 27, waliosimama mbele ya Musa mlangoni pa hema wakidai urithi wa baba yao. Na Bwana alisema kwamba wamenena haki.

Juu ya fedha, neno letu ni fupi. Paulo alipopeleka changizo hakwenda na mfuko peke yake. Soma 2 Wakorintho 8:18-21. Kila mchango uwe na stakabadhi, fedha zikae benki chini ya sahihi za watu zaidi ya mmoja, na hesabu isomwe mkutanoni kwa sauti. Mjumbe akiona kwamba kuulizwa hesabu ni kutukanwa, kiti hicho hakimfai.

Wala tusidhani kwamba kamati za wakazi ni maneno matupu. Katika miaka ya 1990 watu wa Hanna Nassif, huko Kinondoni, waliokuwa wakisumbuliwa na mafuriko, walikuwa na chama chao cha maendeleo. Mitaro na barabara zikajengwa kwa mikono ya wakazi wenyewe, nao wakalipwa ujira, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani.

Limebaki swali la wainjilisti. Je, mwalimu wa Injili aombe kiti? Twasema aweza, kama wazee wa usharika wameafiki na kama kazi ya Neno haitaachwa. Lakini jina lake lisitangazwe madhabahuni, wala la mwingine yeyote, kwaya isimwimbie, wala asiseme, Nichagueni kwa kuwa ni mtumishi wa Mungu. Mtaani wamo Waislamu, na Wakristo wa madhehebu mengine, na wasio na dini, na barabara ni yao wote. Akishindwa, Jumapili aje kufundisha kama desturi, na Jumamosi aende na kamati kushika kamba.

Na usharika wenyewe una kiwanja. Twajua mahali ambapo ukuta wa kanisa ulijengwa juu ya kijia cha watu, na watoto wa shule huzunguka mbali asubuhi na jioni; hakuna anenaye, kwa kuwa ni nyumba ya Mungu. Kwa hiyo twawaomba wazee wa kila usharika kwamba, kabla kamati haijaja na mpima wake, wauzunguke uwanja wa kanisa pamoja na majirani wa pande zote nne, wakiwa na hati au karatasi ya ununuzi mkononi. Wawasikilize majirani kwanza. Wayaandike waliyoyaona katika kitabu cha mashauri ya usharika, wayasome ibadani. Na kama pana hatua za kurudisha, wazee wazipime siku ile ile, jirani akishika upande mmoja wa kamba.