Maada na Umbo: Somo Kutoka kwa Mwale wa Elektroni

Mtu akikupa pete akisema ni dhahabu tupu, utajuaje kama ni kweli? Jicho hudanganywa na mng'ao. Swali la "kitu hiki ni nini?" ni la kale katika falsafa. Tuone kwanza sayansi inavyolijibu, kisha tulipime jibu lake.

Mwaka 1951, Mfaransa Raimond Castaing, akisimamiwa na André Guinier, aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Paris tasnifu iliyoweka msingi wa kupima maada kwa mwale wa elektroni. Ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, elektroni hukusanywa ziwe mwale mwembamba, nao huelekezwa kwenye kipande kilichosuguliwa kikawa laini. Elektroni ikigonga atomi hung'oa elektroni ya ndani. Ile ya nje hushuka kuziba pengo, na nishati inayobaki hutoka kama eksirei. Kazi ya Henry Moseley ya mwaka 1913 ilionyesha kwamba kila elementi ina eksirei zake, kama alama ya kidole. Zikilinganishwa na za sampuli inayojulikana, tunapata kiasi cha chuma, silikoni au dhahabu katika sehemu yenye upana wa takriban mikromita moja.

Hata hivyo, kuna mipaka miwili. Kwanza, mwale huishia karibu na uso. Pete ya shaba iliyopakwa dhahabu nene itajibu "dhahabu" mpaka ikatwe. Pili, weka almasi, kisha grafiti safi: zote zitajibu "kaboni". Lakini moja hukata kioo, nyingine huacha weusi kwenye karatasi. Kilichomo ni kilekile. Mpangilio wa atomi ndio tofauti.

Hapa Aristotle anatusaidia. Kila kitu kina maada na umbo, na umbo si sura ya nje tu, bali ni kile kinachokifanya kitu kiwe kama kilivyo. Mwale hutueleza maada. Basi anayesema mtu ni kaboni, oksijeni na hidrojeni tu, amesema kweli kuhusu maada, kisha akasimama katikati ya njia.

Tusiidharau mashine, wala tusiidai jibu isilokuwa nalo.

Swali la kutafakari: ni mara ngapi tumempima jirani kwa uso wake tu, tukadhani tumemjua?