Kisasili cha Leza na Nyoka: Kufa, Kuzaliwa Upya na Kusahau

Mada: Fasihi simulizi (hadithi)

Kumbuka kwanza: visasili ni hadithi zinazoeleza asili ya mambo, kama vile ulimwengu, binadamu, kifo au mila. Kisasili hutofautiana na ngano kwa kuwa jamii yake hukichukulia kuwa ni kweli. Katika sehemu hii utachambua kisasili kimoja cha Ufipa, mkoani Rukwa, kisha utakilinganisha na imani ya kuzaliwa upya. Watahiniwa wengi huchanganya mambo haya mawili, hivyo soma kwa makini.

Muhtasari wa kisasili

Siku moja Leza, yaani Mungu, alishuka duniani akawauliza viumbe wote: ni nani asiyetaka kufa? Binadamu na wanyama wengine walikuwa wamelala. Nyoka peke yake alikuwa macho, naye akajibu kwamba yeye hataki. Tangu hapo binadamu na wanyama hufa. Nyoka hafi mpaka auawe. Kila mwaka hujivua gamba, akarudia ujana na nguvu zake.

Kisasili hiki kilisimuliwa na Wafipa na majirani zao Wabende. Askofu Adolphe Lechaptois wa shirika la Mapadre Weupe, aliyeishi Karema kando ya Ziwa Tanganyika, alikichapisha kwa Kifaransa mwaka 1913. Mwaka 1918 mtaalamu wa Uingereza, James Frazer, alikitaja katika kitabu chake.

Uchambuzi

(i) Chanzo cha kifo. Binadamu hakuasi wala hakuvunja mwiko. Alikosa uzima kwa sababu alikuwa amelala swali lilipoulizwa.

(ii) Nyoka hazaliwi upya. Anayezaliwa upya hufa kwanza, kisha huingia katika mwili mwingine. Nyoka hafi, hubadilisha gamba tu na kubaki nyoka yuleyule. Kwa hiyo hana maisha ya zamani ya kusahau.

(iii) Binadamu harudi. Kisasili hakisemi popote kwamba mtu akifa huzaliwa tena. Ukiandika kwamba kinathibitisha imani hiyo, utakuwa umeongeza jambo lisilokuwemo.

Kulinganisha na imani nyingine

Katika Uhindu, roho huaminiwa kuzaliwa tena na tena, na matendo ya maisha ya nyuma huathiri maisha yajayo. Hapo huzuka swali gumu: kama tuliwahi kuishi, mbona hatukumbuki? Mwanafalsafa Plato wa Ugiriki ya kale alilijibu kwa hadithi katika kitabu chake cha Jamhuri. Kabla ya kuzaliwa upya, kila roho hunywa maji ya mto wa usahaulifu na kusahau yote yaliyopita. Er, mhusika aliyerudi kusimulia hayo, ni yule aliyekatazwa kunywa.

Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno mawili ya Kiswahili: sasa na zamani. Alieleza kwamba marehemu anayekumbukwa kwa jina na watu waliomfahamu bado yumo katika sasa. Akifa mtu wa mwisho anayemkumbuka, huzama katika zamani. Kuhusu kuzaliwa upya, Mbiti alieleza kwamba katika jamii nyingi zenye imani hiyo hurudi baadhi ya sifa tu, na marehemu hubaki kuwa nafsi yake mwenyewe.

Angalia tofauti. Kwa Plato, anayesahau ni roho inayorudi. Kwa Mbiti, hatari ni kwamba walio hai watasahau. Ndiyo maana mtoto hupewa jina la babu yake aliyefariki, na bibi akamwita kwa utani “mume wangu”. Mtoto hatarajiwi kukumbuka maisha ya babu. Wanaomzunguka ndio hukumbushwa kila wanapomwita.

Fasihi simulizi nayo huishi hivyohivyo. Fanani akifariki kabla hadhira haijapokea hadithi, hadithi hiyo hufa naye. Uhifadhi wa kichwani una faida ya kuipa uhai, lakini una hasara ya kusahaulika. Maandishi huokoa maneno, ingawa hupoteza sauti, ishara na ushiriki wa hadhira.

Swali la mfano

“Kisasili huhifadhi mtazamo wa jamii kuhusu uhai na kifo.” Jadili kauli hii kwa hoja nne ukitumia kisasili cha Leza na nyoka.

Mwongozo wa kujibu

Utangulizi: eleza maana ya kisasili na utaje jamii inayohusika.
Kiini: kifo kama jambo la wote, umuhimu wa kuwa macho, kueleza tabia ya nyoka, nafasi ya Mungu katika uhai. Kila hoja iambatane na tukio kutoka katika kisasili.
Hitimisho: toa msimamo wako kuhusu kauli.

Zoezi

1. Tofautisha kujivua gamba na kuzaliwa upya kwa hoja mbili.
2. Mwombe mzee wa kwenu akusimulie kisasili kimoja. Kiandike pamoja na mahali na tarehe ya usimulizi, kisha ueleze dhima zake tatu.