Somo kwa wamama: Wakati moyo unavunjika

Leo umeleta mutoto ku kilo. Tutamupima na kuandika uzito wake mu karte. Lakini kuna uzito mwingine, ule wa moyo wako, na kilo haiwezi kuuonyesha. Juu ya ule tunataka kuzungumuza na wewe leo.

KILA MUTU ANAWEZA KUVUNJIKA MOYO

Hapa Likasi tunajua jambo hili. Katika miaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini, hapa kwetu, Kolwezi na Lubumbashi, mu mpango wa «départ volontaire». Mbele ya pale, wengi walikuwa wamekaa miezi na miezi bila mushahara. Zamani kampuni ilitoa posho ya unga, masomo ya watoto na matunzo ya lopitali. Sasa baba alirudi nyumbani mikono mitupu. Wamama wengi walishika jembe, wengine walibeba beseni ku soko. Nyumba ilisimama, lakini mioyo ilichoka.

Kuna pia huzuni ya mama aliyezaa. Shirika la Afya la Dunia (OMS) linasema ya kwamba katika inchi zenye mali kidogo, karibu mama 1 katika 5 anapata ugonjwa wa mawazo baada ya kuzaa, zaidi sana ule wa huzuni kubwa. Si laana, wala si kukosa imani. Ni ugonjwa, na unatunzwa.

NABII ELIYA ALITAMANI KUFA

Soma 1 Wafalme 19. Eliya alikuwa mutu wa imani kubwa. Lakini malkia Yezebeli aliapa kumuua, naye akakimbia. Alimuacha mutumishi wake njiani, akaingia jangwani peke yake, akaketi chini ya muti, akamuomba Mungu amutwae roho. Mungu alimutunza namna gani? Angalia mambo mane.

1. Alimupa usingizi na chakula. Malaika hakumugombeza. Alimugusa, akamuonyesha mukate na maji. Eliya akakula, akalala tena, akakula mara ya pili. Mama, mwili na roho vinatembea pamoja. Mupatie dada ao jirani mutoto saa moja, na wewe ulale. Usigawe bukari, sombe na maharagi yote kwa wengine na kubakia na sufuria tupu. Mama anayenyonyesha anahitaji kula zaidi. Tena omba munganga apime damu yako. Kukosa damu na malaria vinaleta uchovu mukubwa, na mara nyingine tunafikiri ni imani imepunguka, kumbe ni mwili unalia.

2. Alimusikiliza. Mungu alimuuliza Eliya mara mbili anafanya nini pale. Eliya alisema uchungu wake wote, na Mungu hakumukasirikia. Na wewe, sema na Mungu kwa maneno yako mwenyewe, hata kama ni machozi tu. Kisha tafuta mutu mumoja mwenye kujua kufunga kinywa: bwana yako, mama mukubwa, mama pasta, ao munganga. Mumwambie kweli yote.

3. Alimuonyesha ya kwamba hakuwa peke yake. Eliya alisema, nimebakia mimi tu. Mungu akamujibu kwamba kuna watu 7,000 walioshika imani kama yeye, akamupa Elisha awe musaidizi wake. Huzuni inatufanya tujifiche nyumbani. Usikubali. Rudia kikundi cha wamama ku kanisa, ao likelemba yako. Na kama jirani yako haonekane tena, umufuate. Pengine wewe ndiwe Elisha wake.

4. Alimuonyesha njia ya kesho. Yezebeli alikuwa angali hai. Mateso hayakuisha siku ile. Lakini Mungu alimupa Eliya kazi ya kufanya, na nguvu za kutosha kwa safari. Tumaini halingoje shida zote ziishe kwanza. Leo fanya ya leo: osha mutoto, panda lengalenga kidogo nyuma ya nyumba, fanya sala yako, ulale.

USINGOJE

Ukuje ku lopitali, usingoje siku ya kilo, kama hali hii imepita majuma mawili:
– unalia ao una huzuni karibu kila siku;
– hulale hata kama mutoto analala;
– hupendi kumushika mutoto wako.
Lakini kama unawaza kujiua ao kumufanyia mutoto vibaya, usibaki peke yako. Mwambie mutu aliye karibu, ukuje siku ile ile, hata usiku. Hatutakucheka.

Huzuni ya mama inaweza kumupunguzia mutoto kilo. Kukutunza wewe ni kumutunza na yeye. Kama ulipewa dawa, usiiache juu ya mutu amekuambia «omba tu». Omba, na umeze dawa. Mungu aliyetuma mukate kwa Eliya anatumia pia mikono ya waganga.

Tena wakati wa shida, watu wanatafuta wa kulaumu. Wakisema mutoto wako ni mulozi, ndiye alileta bahati mbaya nyumbani, kataa. Sheria ya Kongo ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inakataza kumushitaki mutoto kwa ulozi. Yesu aliwabariki watoto, hakuwafukuza.

SALA

Bwana, nimechoka, na wewe unajua. Unipe mukate wa leo, usingizi wa usiku huu, na mutu wa kutembea naye. Unishike mukono mpaka kesho. Amina.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA PAMOJA

1. Mungu alimupa Eliya nini kwanza, mbele ya kusema naye?
2. Katika mambo mane haya, ni lipi unalikosa zaidi leo?
3. Ni mama gani katika avenyu yenu ambaye haujamuona siku nyingi? Utamutembelea siku gani?