Mechi ya Chuo Ndani ya Uwanja wa Magari: Maswali Yenu Kuhusu Rekodi za Watazamaji

Tarehe 10 Septemba 2016, watu 156,990 walitangazwa kuwa ndani ya uwanja wa Bristol Motor Speedway, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani. Safari hii hawakuja kuona magari. Walikuja kuwatazama wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tennessee wakicheza na wenzao wa Virginia Tech. Mchezo ulikuwa futiboli ya Kimarekani, ule wa mpira wenye umbo la yai na wachezaji wenye kofia ngumu. Hakuna mechi ya mchezo huo, ya chuo wala ya kulipwa, iliyowahi kutangaziwa umati mkubwa kuliko huo. Wasomaji wameuliza mengi kuhusu mtindo huu wa kuhamisha mchezo mahali pasipo pake ili kuvunja rekodi. Haya hapa majibu.

Inakuwaje mechi ya wanafunzi ivute watu wengi kuliko mechi za wachezaji wa kulipwa?

Huko Marekani, kwa mamilioni ya watu, timu ya chuo ndiyo timu ya nyumbani. Yapo majimbo, kama Nebraska na Alabama, ambayo hayana timu hata moja katika ligi kuu ya kulipwa. Mtu wa huko hurithi timu ya chuo kutoka kwa wazazi wake, hata kama ukoo mzima haujapata kusoma pale. Isitoshe, timu ya kulipwa inaweza kuhama mji mmiliki akipata ofa nzuri kwingine, lakini chuo hakihami.

Ndiyo maana viwanja vikubwa kabisa vya futiboli ni vya vyuo. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan una nafasi 107,601, na ule wa Penn State ulikuwa na nafasi 106,572 wakati wa mechi ya Bristol. Vya ligi ya kulipwa vingi huchukua kati ya watu 60,000 na 80,000.

Kama vyuo vina viwanja vikubwa hivyo, ya nini kwenda kwenye uwanja wa magari?

Kwa sababu hata hivyo vikubwa hujaa. Rekodi iliyovunjwa Bristol ilikuwa ya Michigan: watu 115,109 waliotazama mechi dhidi ya Notre Dame tarehe 7 Septemba 2013. Linganisha na idadi ya nafasi niliyotaja hapo juu, utaona kwamba watu walishazidi kipimo cha uwanja. Pale palikuwa hapana tena pa kuongeza mtu. Mwenye nia ya kuipita idadi ile alihitaji uwanja wa aina nyingine kabisa.

Upande wa pili, Bristol ilikuwa na viti vinavyotafuta watu. Kuanzia Agosti 1982, tiketi za mbio zake kuu za magari zilikuwa zikiisha kila mara, na mmiliki wake, Bruton Smith, aliyeununua uwanja huo mwaka 1996, aliendelea kuongeza majukwaa hadi nafasi zikakaribia 160,000. Kisha uchumi wa Marekani ukayumba, mashabiki wa magari wakapungua, na Machi 2010 mfululizo ule wa kujaza uwanja ukakatika. Mwenye viti vitupu na wenye mashabiki waliobaki nje wakakutana. Mechi ilitangazwa Oktoba 2013, na kila chuo kiliahidiwa takriban dola milioni 4.

Kwa nini Tennessee na Virginia Tech? Je, timu yoyote kubwa isingetosha?

Swali hili ndilo lenye kiini cha jambo lote. Bristol ni mji wa mpakani kwelikweli: mstari unaotenganisha Tennessee na Virginia unapita katikati ya barabara yake kuu, State Street. Uwanja uko upande wa Tennessee. Kutoka Knoxville, kiliko Chuo Kikuu cha Tennessee, ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, na kutoka Blacksburg, makao ya Virginia Tech, ni karibu hivyo hivyo. Katika miji na vijiji vya milima ya Appalachia iliyo kati yao, mashabiki wa pande zote mbili huishi pamoja, husali kanisa moja na hufanya kazi ofisi moja. Hata hivyo, timu hizo zilikuwa zimekutana uwanjani mara chache mno.

Utani wa jirani ulikuwepo, ila mechi ya kuumaliza haikuwepo. Siku ilipopatikana, hapakuhitajika kumshawishi mtu apande ndege. Majukwaa yaligeuka rangi ya machungwa ya Tennessee, yakachanganyika na damu ya mzee ya Virginia Tech. Ukichukua timu mbili maarufu kutoka pembe mbili za nchi ukazipeleka Bristol, huenda ungepata umati mzuri, ila sidhani ungepata ule.

Uwanja wa mpira unaingiaje ndani ya barabara ya magari?

Bristol ni duara refu lenye urefu wa mita 858 hivi kwa mzunguko mmoja. Barabara yake ni ya zege, na kwenye kona imeinuliwa hadi nyuzi 28, kama ukuta uliolala. Katikati ndipo magari huingia kujaza mafuta na kubadilisha matairi. Kiwanja cha futiboli, pamoja na maeneo ya kufungia bao kila upande, kina urefu wa mita 110 na upana wa mita 49, kwa hiyo nafasi ilitosha. Ugumu ulikuwa kwenye ardhi na kwenye muda.

Ardhi ile haikuwa tambarare. Ilibidi malori yamwage maelfu ya tani za kokoto, zisambazwe, zishindiliwe na kusawazishwa kwa vipimo, ndipo zitandikwe nyasi bandia na kusimamishwa milingoti ya goli. Na kazi hiyo haikuweza kuanza mapema, kwa kuwa mbio za magari za Agosti zilikuwa palepale. Mvua ikazisukuma zikamalizika tarehe 21 Agosti. Mafundi wakabaki na siku zisizofika 20 kugeuza karakana kuwa kiwanja kinachokubalika na sheria za mchezo.

Aliyeketi juu kabisa aliona nini?

Aliona mchezo akiwa mbali sana, na hili lisemwe wazi. Kati ya kiwanja na safu ya kwanza ya viti kulikuwa na eneo la kati, kisha barabara yenyewe, kisha ukuta na wavu wa kukinga vipande vya magari. Katika uwanja wa kawaida wa mpira, viti vya chini ndivyo vinavyogombewa. Katika uwanja wa magari mambo ni kinyume: viti vya juu ndivyo bora, kwa sababu anayeketi chini huona kipande tu cha barabara. Majukwaa ya Bristol hupanda kwa mwinuko mkali, na hilo liliwasaidia wa juu kuona mpangilio wote wa wachezaji hata kama nambari za jezi hazikusomeka.

Pengo lililobaki lilizibwa na skrini. Mwaka huohuo Bristol ilitundika skrini kubwa mno yenye pande nne juu ya kitovu cha uwanja, ikishikiliwa na kebo kutoka kwenye minara ya chuma. Wengi walitazama pale. Watauliza wenye kushuku: basi si bora ubaki nyumbani na runinga? Nadhani aliyewahi kuimba wimbo wa timu yake pamoja na maelfu ya watu analo jibu.

Na mechi yenyewe ilikuwaje?

Ilistahili umati wake. Virginia Tech walianza kwa kasi, wakaongoza 14–0 katika robo ya kwanza. Kisha wakaanza kupoteza mpira mara kwa mara, na Tennessee wakawaadhibu kila walipoteleza. Wakiongozwa na Joshua Dobbs, mwanafunzi wa uhandisi wa anga aliyekuwa mpangaji wa mashambulizi, Tennessee walishinda 45–24.

Hizi idadi zinaaminika? Nani huhesabu?

Zisome kwa uangalifu. Waandaaji wanaweza kutangaza tiketi zilizouzwa, tiketi zilizopita mlangoni, au watu wote waliokuwa ndani pamoja na bendi, waandishi wa habari, walinzi na wauza chakula. Namba hizo tatu hazilingani.

Mfano mzuri ni wa Desemba 2010, vyuo vya Michigan na Michigan State vilipocheza hoki ya barafu katika uwanja wa futiboli wa Michigan. Uwanja ulitangaza watu 113,411. Guinness, kwa utaratibu wao wa kuhesabu, waliidhinisha 104,173. Rekodi ilikuwa ya dunia kwa namba yoyote kati ya hizo mbili, lakini watu zaidi ya 9,000 walikuwa wamepungua njiani. Ukirudi nyuma zaidi hesabu zinakuwa za macho tu: mechi ya Notre Dame na Southern California katika uwanja wa Soldier Field, Chicago, mwaka 1927, hukadiriwa kuwa na watu 120,000. Kwa hiyo kila usikiapo rekodi, uliza kwanza walihesabu nini.

Kuna mahali ambapo ugeni wa uwanja uliuumiza mchezo?

Ndiyo, na mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Wrigley Field, uwanja wa zamani wa besiboli mjini Chicago. Novemba 2010, Northwestern na Illinois zilikuwa zicheze pale. Kiwanja cha futiboli kilipochorwa, mwisho wake wa mashariki ulikuwa umegusana karibu kabisa na ukuta wa matofali. Mchezaji anayekimbilia bao kwa nguvu zake zote angejibamiza. Siku moja kabla ya mechi ikaamuliwa kwamba timu zote mbili zishambulie kuelekea magharibi tu. Kila mpira ulipobadili mikono, wachezaji wakageuzwa upande ili anayeshambulia aelekee kulekule. Illinois walishinda 48–27, lakini wengi wanaikumbuka kama mechi ya goli moja.

Besiboli nayo imewahi kubanwa. Machi 2008, Los Angeles Dodgers na Boston Red Sox walicheza mechi ya maonyesho katika uwanja wa Coliseum mbele ya watu 115,300. Umati ulikuwa wa kihistoria, ila ukingo wa kushoto ulikuwa mita 61 tu kutoka kwa mpigaji, umbali mfupi mno kwa mchezo wa wakubwa, hata wavu mrefu ukawekwa kuzuia mipira. Anayetafuta rekodi aupime uwanja kabla ya kuuza tiketi, na usalama wa mchezaji usiwe jambo la kujadiliana.

Je, ni futiboli peke yake?

Hapana, na kwangu mafanikio makubwa kuliko yote si ya futiboli. Tarehe 30 Agosti 2023, Chuo Kikuu cha Nebraska kilitandaza uwanja wa voliboli ya wanawake katikati ya uwanja wake wa futiboli mjini Lincoln. Watu 92,003 walikuja kuona Nebraska ikiifunga Omaha seti 3–0. Namba hiyo iliipita ile ya mechi ya soka ya wanawake kati ya Barcelona na Wolfsburg, watu 91,648 waliojaza Camp Nou Aprili 2022, ingawa fainali ya soka ya wanawake ya mwaka 1971 katika uwanja wa Azteca, Mexico, hukadiriwa kuwa na watu 110,000.

Umati ule haukuzuka. Ukumbi wa kawaida wa timu hiyo wakati huo uliingiza watu 8,000 hivi, na tiketi za mechi za timu zilikuwa zikiisha tangu 2001. Kwa zaidi ya miaka 20 kulikuwa na watu waliotaka kuingia na hawakuweza. Siku mlango ulipopanuliwa, wakaingia. Miezi miwili haijapita, Iowa ikapeleka mpira wa kikapu wa wanawake katika uwanja wake wa futiboli, na watu 55,646 wakaja kumwona Caitlin Clark na wenzake.

Mbona Bristol haikugeuzwa kuwa desturi?

Wiki moja tu baada ya rekodi, kwenye nyasi zilezile, East Tennessee State ilicheza na Western Carolina. Walikuja watu wasiofika 15,000. Viti havikubadilika, skrini ilikuwa ileile, na chuo mwenyeji kiko jirani kabisa. Kilichokosekana ni ile kiu ya miaka mingi ya pande mbili.

Kuna na sababu ya pesa. Mechi ya nyumbani hulisha mji wa chuo: hoteli hujaa, migahawa huuza, na mashabiki huchoma nyama kwenye maegesho tangu asubuhi. Kuihamisha ni kuinyang'anya Knoxville au Blacksburg riziki ya wikiendi nzima. Chuo kitakubali mara moja kwa fahari. Kukubali kila mwaka ni jambo jingine. Mwaka 2025 Bristol ilijaribu tena, safari hii kwa besiboli ya kulipwa, Atlanta Braves dhidi ya Cincinnati Reds. Tiketi zaidi ya 91,000 ziliuzwa, rekodi ya mechi ya msimu wa kawaida, lakini mvua ikakatiza mchezo na ukamalizika kesho yake.

Anayetaka kuvunja rekodi aanze wapi?

Aanze na foleni ya waliokosa tiketi. Ajue ni kina nani, wanaishi wapi, wamesubiri kwa muda gani, na wanaweza kufika kwa barabara zilizopo. Akishawajua, ndipo atafute eneo la kuwatosha, apime kiwanja, ahesabu vyoo, maji, malango ya kutokea na maegesho. Wanaoanza na viti, kisha wakatafuta mchezo wa kuvijaza, hununua namba kwa gharama kubwa na mara nyingi hawaipati. Uwanja mkubwa hauzai mapenzi ya timu. Huyapa nafasi tu, yakiwa tayari yapo.