UFUNDISHAJI WA UTARATIBU WA KAZI: MFANO WA JENERETA YA DIZELI CHOMBONI

Katika mazoezi ya kufundisha, mwalimu mwanafunzi hukutana na mada nyingi zinazofundishwa kwa hatua. Mara nyingi hatua hizo huandikwa ubaoni, zikanakiliwa madaftarini, zikakaririwa. Mtoto hupata alama zote katika jaribio, lakini hali ikibadilika kidogo tu hajui la kufanya. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kila hatua yapasa ifundishwe pamoja na sababu yake.

Mfano tuliouchagua ni wa kuwasha, kuendesha na kuzima jenereta ya dizeli ndani ya chombo cha majini. Shule za pwani na za kando ya maziwa zina watoto ambao wazazi wao huishi kwa vyombo hivyo, na baadhi yao wataingia katika kazi hiyo mara wamalizapo shule. Kosa moja katika chumba cha mitambo laweza kuharibu mashine ya thamani kubwa, au kuondoa uhai wa mtu.

Shabaha

Baada ya vipindi viwili, mwanafunzi wa Darasa la VII aweze kupanga hatua za kazi hii na kueleza sababu ya kila moja. Si shabaha ya somo kumfanya mtoto aiwashe jenereta. Hiyo ni kazi ya fundi.

Zana

Pampu ya baiskeli, bomba jipya la sindano, lisilotiwa sindano, maji, mchoro wa jenereta, na kadi zenye hatua, kila hatua na kadi yake.

Kuanzisha somo

Mwanafunzi mmoja azibe mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole na kuisukuma mara kadhaa. Ataona pampu imepata joto. Mwalimu aeleze kwamba injini ya dizeli, ambayo Mjerumani Rudolf Diesel alifaulu kuiendesha vyema mwaka 1897, haihitaji cheche. Pistoni huibana hewa hata ikapata joto la zaidi ya nyuzi 500 za Sentigredi, na mafuta yanyunyizwapo humo huwaka yenyewe.

Kisha wanafunzi wavute hewa katika bomba la sindano, wazibe mdomo wake na kusukuma: hewa inabanika. Warudie kwa maji: hayabaniki. Mwalimu asiliharakishe jaribio hili, kwani litahitajika mwishoni.

Kuendeleza somo

Kwa kila kadi, mwalimu aulize swali lilelile: “Hatua hii ikiachwa, kutatokea nini?”

(a) Kabla ya kuwasha. Fundi hupima oili kwa kijiti chake, kwa sababu vyuma visivyo na oili husagana. Hutazama kiasi cha maji ya kupozea injini ikiwa ingali baridi. Kifuniko kikifunguliwa injini ikiwa ya moto, maji na mvuke huruka na kumbabua mtu. Hukagua mafuta, na kumwaga maji yaliyotuama chini ya chujio la mafuta. Hufungua vali ya maji ya nje, yaani ya bahari au ya ziwa, ambayo hubeba joto la injini. Huhakikisha hewa inaingia chumbani, na kwamba swichi kuu ya umeme imezimwa, ili injini isianze kazi ikiwa na mzigo.

(b) Kuwasha. Stata isishikiliwe kwa muda mrefu. Sekunde 10 hivi zatosha. Kisha ipumzishwe, la sivyo itaungua. Injini ikiwaka, fundi hutazama mara moja kipimo cha nguvu ya oili, kisha mdomo wa bomba la moshi. Katika vyombo vingi maji ya nje hutoka pamoja na moshi. Yasipotoka, injini izimwe papo hapo, maana ndani ya pampu mna gurudumu la raba linaloharibika upesi likizunguka kavu. Mambo yote yakiwa sawa, injini iachwe ipate joto kwa dakika chache ndipo ipewe mzigo.

(c) Kuendesha. Hapa Hesabu huungana na Sayansi. Jenereta yenye ncha 4 za sumaku, ikizunguka mara 1500 kwa dakika, huzunguka mara 25 kwa sekunde. Kila mzunguko hutoa mawimbi 2 ya umeme. Basi hupatikana mawimbi 50 kwa sekunde, kama umeme wa majumbani mwetu. Mwalimu atilie mkazo pia hatari ya moshi. Moshi wa dizeli una kaboni monoksaidi, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko ule wa petroli. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Bomba likivuja, mtu aliyelala chini ya sitaha aweza asiamke tena.

(d) Kuzima. Kwanza mzigo wa umeme huondolewa. Injini huachwa izunguke bila mzigo kwa dakika 3 hadi 5, ili maji na oili viendelee kuondoa joto. Ndipo huzimwa, na vali ya maji ya nje hufungwa.

Upimaji

Kadi zichanganywe, na kila kundi lizipange upya. Lakini hilo peke yake halitoshi. Huenda watoto wamekariri tu. Kwa hiyo mwalimu atoe tatizo hili: “Fundi amejaribu stata mara nyingi, injini haikuwaka. Aifanyeje vali ya maji ya nje?”

Aliyekariri atajibu kuwa iachwe wazi, kwani kadi yasema ifunguliwe. Aliyeelewa atafikiri. Injini inapowaka, moshi husukuma maji nje. Isipowaka, pampu huendelea kuleta maji kila stata inapozungushwa, lakini hakuna moshi wa kuyasukuma. Maji hujaa katika bomba la moshi na yaweza kurudi hadi ndani ya silinda. Nayo maji hayabaniki, kama bomba la sindano lilivyoonyesha. Pistoni ikiyagonga, vyuma hupinda. Basi vali ifungwe wakati wa kujaribu tena, na ifunguliwe mara tu injini iwakapo.

Vali ni ileile, lakini jibu limegeuka. Mwalimu mwanafunzi aandaapo somo la hatua, katika mada yoyote, atafute swali la namna hii kabla ya kuingia darasani. Asipolipata, ajue kwamba yeye mwenyewe bado hajazijua sababu za kutosha, na arudi kwanza kwa fundi akaulize.